Tangi la Ukutani

Siku mkaguzi alipotangaza kwamba ukuta wa sebule utatobolewa ili liingie tangi la samaki, mkewe alikuwa anapiga pasi sare yake ya unesi, na hakuinua hata uso. Aliuliza tu kama ni samaki wa kula. Mkaguzi akasema si wa kula, ni wa kutazama, tena si samaki peke yao: ni mwamba mzima wa matumbawe hai, maji ya chumvi, mchanga mweupe, konokono wa kusafisha vioo, kila kitu. Mkewe akageuza kola upande wa pili, akasema sawa, ila yeye akitaka kutazama viumbe wamelala ana arobaini wodini.

Mkaguzi huyu, ieleweke mapema, si mtu wa ndoto. Kwa miaka kumi na minane kazi yake katika idara ya majengo imekuwa kuzunguka na kalamu na karatasi akiwaambia watu hapana. Hapana, huwezi kuongeza ghorofa. Hapana, nguzo hiyo haiondoki. Ana jicho la kuona ufa siku mbili kabla haujatokea, ndiyo maana ofisini wanamwita Bwana Ufa, naye hujifanya hapendi. Leo akiwasimulia wenzake kisa cha tangi huanza kwa kusema, "Mnanijua mimi nilivyo makini," kisha hunyamaza kidogo ili wacheke, maana anajua watacheka.

Ugonjwa wenyewe aliupata kazini. Alikwenda kukagua nyumba ya mkandarasi mmoja mwenye nazo, akaingia sebuleni akitafuta makosa, akakuta ukuta mzima ni bahari. Samaki wa manjano walipita kwa madaha, mmoja mwenye mistari alikuwa anachungulia kwenye tundu la jiwe, na matumbawe ya zambarau yalikuwa yanafunguka na kujikunja polepole. Mkaguzi alisimama pale mdomo wazi. Hakusikia mwenye nyumba alipoingia.

"Unawapenda?" mkandarasi akamuuliza. "Nitakufungia wawili watatu, ukirudi nyumbani wakukaangie."

Watu wa mkandarasi wakacheka, na mkaguzi naye akacheka, tena akacheka kuliko wao, na hicho ndicho kilichomuuma njiani kurudi. Nyumba ile aliiandikia kwamba haina kasoro hata moja. Ndani ya gari aliapa kwamba kabla hajastaafu atakuwa na lake, kubwa zaidi, lililopangwa vizuri zaidi, kwa sababu la yule tajiri, akilikumbuka sawasawa, lilikuwa limepinda kidogo upande wa kushoto.

*

Basi akaanza kupanga. Alinunua karatasi za vipimo, penseli tatu na kifutio kipya, kana kwamba anaanza shule. Tangi lingekuwa na urefu wa mita mbili na nusu, kina cha sentimeta themanini na kimo cha sabini na tano, maana yake lita elfu moja na mia tano za maji. Akajumlisha kioo, mawe, mchanga na fremu ya chuma, akapata karibu tani mbili na nusu. Mtu mwingine angetishika. Yeye alisuguasugua viganja. Uzito ni kazi yake. Mtu akimwamsha usingizini atamwambia sakafu ya zege inabeba nini na isichobeba ni nini. Akachora linta ya kuushika ukuta utakapokatwa, akachora msingi mdogo wa ziada, akachora njia ya nyaya na njia ya maji ya kumwaga. Jioni za wiki nane zikaishia hapo mezani, mkewe akila upande mmoja wa meza na ramani ikila upande uliobaki.

Mama yake mkaguzi, aliyekuwa akiishi nao miaka kumi na miwili tangu afiwe na mumewe, alipita mara kwa mara na kikombe chake cha chai, akatazama michoro, akasema, "Kazi nzuri, mwanangu," akaenda zake chumbani. Chumba chake kiko nyuma ya sebule. Ukuta ni ule ule mmoja.

Hilo la ukuta mmoja mkaguzi hakulitilia maanani mpaka alipokuja mtu wa samaki. Huyu alikuwa na duka lenye matangi thelathini, na vidole vilivyochujuka kwa chumvi mpaka kucha zimekuwa nyeupe. Aliitazama ramani kwa muda mrefu, akatikisa kichwa kwa heshima, akasema tangu aanze kazi hii hajaona mteja aliyepanga namna hii, kwamba wengine humletea kipimo walichochukua kwa hatua za miguu. Mkaguzi alijua anavikwa kilemba cha ukoka. Alikivaa hivyo hivyo, na kikamkaa vizuri.

"Ila bosi, hujanionyesha kitu kimoja," mtu wa samaki akasema. "Mkono wangu utaingilia wapi?"

Mkaguzi hakuelewa. Mtu wa samaki akamweleza kwa upole, jinsi mtu anavyomweleza mtoto aliyefaulu sana hesabu lakini hajui kufunga kamba za viatu. Tangi la ukutani, alisema, halipangwi kutokea mbele. Mbele ni kwa wageni. Linapangwa kutokea nyuma, pale ambapo mtu atasimama kila siku ya Mungu kulisha, kukwangua, kupima chumvi, kutoa aliyekufa. Nyuma panatakiwa tangi dogo la chini la kuchujia, pipa la kukorogea maji ya chumvi, mashine ya kupoza, pampu mbili na ya tatu ya akiba, betri za umeme ukikatika, taa, feni ya kutoa unyevu, na shimo la maji sakafuni. Na nafasi ya mtu mzima kuinama bila kujigonga. Wateja wote husahau nyuma. Hata wahandisi.

"Huko nyuma kuna nini?" akauliza.

"Chumba cha mama."

Mtu wa samaki akaguna. Akasema ukweli ni kwamba humo hapatalalika tena. Mitambo inavuma usiku na mchana, na ule unyevu wa chumvi unaingia kwenye nguo, kwenye godoro, kwenye kifua. Ni ama mtu alale, ama samaki waishi. Alisema hivyo bila ubaya wowote, huku akinywa soda.

*

Mtu mwenye akili timamu angeikunja karatasi yake hapo hapo. Mkaguzi mwenyewe husema hivyo leo: "Hapo ndipo mngeniona mjinga, lakini subirini, kuna mbele." Alichofanya ni kuchukua kifutio kipya, akafuta maneno "Chumba cha Mama," na mahali pake akaandika kwa herufi nzuri za mraba, "Chumba cha Mitambo." Maneno yakaenea vizuri kuliko yale ya kwanza. Akajiambia mama atakwenda kwa binti yake kwa miezi mitatu tu, wakati wa ujenzi.

"Halafu baada ya miezi mitatu?" mkewe akauliza.

Mkaguzi akaanza kumweleza kuhusu pampu ya akiba.

"Sijauliza pampu, baba watoto. Nimeuliza mama."

Akasema watatafuta utaratibu. Neno hilo hulitumia ofisini anapotaka mtu aondoke kwenye foleni. Mkewe, aliyelisikia kwa miaka ishirini na sita, alichukua mkoba wake akaenda zamu.

Jumatano ambayo mama alikuwa kliniki ya presha, mkaguzi aliomba ruhusa kazini, akaingia chumbani kwa mama na tepu ya karatasi, akabandika sakafuni mistari ya mahali vitakapokaa vitu: hapa pipa, hapa tangi la chini, hapa betri. Mstari wa pipa ulipita katikati ya kitanda, kwa hiyo akaukatiza kwenye mguu mmoja akauendeleza upande wa pili. Mama aliporudi aliuliza ile mistari ni ya nini. Mkaguzi akasema ni vipimo tu. Mama akasema sawa. Kwa wiki mbili aliishi humo akiruka mistari, na alipofagia aliinua kidogo ncha za tepu zilizobanduka, akazibandika tena kwa kidole gumba ili asimharibie mwanawe kazi. Mkaguzi aliona jambo hili kwa macho yake mwenyewe, akafurahi kwamba mama ameupokea mpango.

*

Sasa, katika kazi ya mkaguzi kuna desturi moja ambayo haisameheki ukiikosa. Kabla ya kukata ukuta wowote, unaandika orodha ya kila kitu kinacholalia sakafu ya pande zote mbili, na kila kitu unakipa kilo zake. Orodha ina sehemu mbili: mizigo isiyohamishika, na mizigo inayohamishika. Watu nao huandikwa, kwa sababu watu nao wana uzito. Mkaguzi ameandika orodha hizi mia kadhaa maishani mwake, za shule, za maghala, za kumbi. Mkono unakwenda wenyewe. Aliandika ya nyumbani kwake Jumamosi asubuhi, akaiacha mezani, akaenda kuoga.

Alipotoka bafuni alimkuta mama ameketi mbele ya ile karatasi na miwani yake, kidole kikiwa kwenye mstari. Mama huyu, kabla ya kustaafu, alikuwa karani wa ghala la mizigo kwa miaka ishirini na saba. Hapiti karibu na orodha bila kuisoma.

"Hii sitini na tano umeitoa wapi?" akauliza.

Mkaguzi akasogea, taulo begani. Kidole cha mama kilikuwa chini kabisa kwenye mizigo inayohamishika. Kitanda, kilo sitini. Kabati la nguo, tisini. Sanduku la bati, ishirini na mbili. Mama, sitini na tano. Mkaguzi akavuta taulo begani. Akasema amekadiria.

"Nina hamsini na nane," mama akasema. "Nimepimwa juzi."

Mke wa mkaguzi alikuwa amesimama mlangoni na sufuria ya chai. Aligeuka nayo akarudi jikoni, na hakuonekana tena mpaka mambo yalipokwisha. Mkaguzi akaanza kueleza. Alisema hiyo ni desturi ya kazi tu, kila mtu huandikwa, hata waziri akiwa ndani ya jengo huandikwa. Na kwamba yeye na mkewe wamo pia, ila wamo kwenye ukurasa wa sebule. Alijisikia akiongea na kila alichoongeza kilizidi kumpalia makaa, lakini hakujua kunyamaza kunafanywaje. Mama alimwacha amalize.

"Sina neno na desturi," akasema. "Sisi ghalani mzigo haukutoka mpaka anayeupokea awe ametia sahihi. Nilimrudisha dereva langoni mara nyingi kwa hilo tu. Sasa mimi, nani amesaini kunipokea?"

Mkaguzi akamtaja mdogo wake, dada aliyeolewa ng'ambo ya pili ya mji. Mama akauliza kama amekubali. Mkaguzi akasema hajamwambia bado, lakini hawezi kukataa, mama ni mama. Mama akasema, basi mpigie.

Akapiga. Na kwa kuwa alikuwa na uhakika, na kwa kuwa alitaka mama asikie kwa masikio yake jinsi anavyopendwa, akabonyeza sauti itoke nje, akaiweka simu mezani juu ya ramani. Salamu zilikuwa nzuri. Dada alicheka, akauliza habari za samaki. Mkaguzi akasema kwamba samaki ndio hao, sasa palikuwa na jambo dogo, mama angekuja kukaa kwake kwa muda.

"Kaka, usinifanyie hivyo," dada akasema. "Nampenda mama, unajua. Lakini nimlaze wapi? Na mume wangu tangu apunguzwe kazi yuko hapa kutwa, hata mimi nyumba imenishinda. Hii ni zamu yako. Tulikubaliana ni zamu yako."

Mkaguzi akairukia simu. Alitaka kuzima sauti ya nje. Kidole chenye maji ya kuoga kikateleza, sauti ikapanda. "Tena usimwambie kama nimesema hivi," simu ikapaza kwa nyumba nzima, "mwambie nimesafiri."

Mama akainama kwenye simu.

"Mwanangu, nimekusikia," akasema taratibu. "Usisumbuke, mama. Wasalimie watoto."

Ilisikika pumzi ya dada, kisha kilio, kisha simu ikakatika. Mama akavua miwani, akaifuta kwa ncha ya khanga, akaikunja. Neno zamu hakulitaja wakati huo wala baadaye. Alichukua penseli ya mkaguzi, akakata ile sitini na tano kwa mstari mmoja ulionyooka, akaandika pembeni hamsini na nane, kisha akaenda chumbani akafunga mlango. Mkaguzi alibaki amesimama na taulo lake. Aliona aibu, aibu ya kweli, ile ya kuhisi masikio yanawaka, na bado, Mungu amsamehe, mkono wake ulikuwa umeshapunguza kilo saba kwenye jumla.

*

Siku tatu zikapita nyumba ikiwa na adabu nyingi kupita kiasi. Ya nne, mkaguzi alirudi kutoka kazini akakuta mlango wa chumba cha mama uko wazi. Kitanda kilikuwepo, kimetandikwa. Kabati lilikuwepo, tupu. Sanduku la bati halikuwepo. Sakafu ilikuwa imefagiwa, na tepu zote zilikuwa mahali pake.

Alimfuata mkewe jikoni. Mkewe alikuwa anamenya viazi. Akasema mama amepanga chumba, mtaa wa pili, amelipa kwa pensheni yake, ni mwendo wa dakika ishirini kwa miguu. Mkaguzi akauliza amejuaje.

"Nilimbebea sanduku."

"Ukaona vyema usiniambie?"

"Aliniomba nisikwambie. Angekuomba wewe ungemtii?" Akatupa kiazi kwenye maji. "Na mimi nimeona haya, usidhani ni wewe peke yako. Nilikuwa nachuja chai jikoni wakati ule. Nilijificha. Mtu mzima, nesi mkuu, nimejificha na sufuria."

Hawakugombana. Ingekuwa nafuu kama wangegombana. Walikula wakiangalia sahani zao, na mkaguzi akagundua kwamba meza ina nafasi tele, hata ramani ikiwa juu yake.

Jumamosi mtu wa samaki akaja kama walivyopatana, akaingia chumbani, akapiga makofi. Chumba kilimrudishia mwangwi. Akasema sasa ndiyo kazi imekuwa kazi, bosi, mtu anajipanga mwenyewe. Akasimama katikati ya mistari, akanyoosha mkono mbele yake hewani, akaingiza kiganja kwenye maji yasiyokuwepo, akakwangua kioo kisichokuwepo. Mkono uliingia bila kugusa kitu. Kila kitu kilienea. Katika maisha yake yote ya kazi mkaguzi hakuwahi kuona ramani ikikubaliana na chumba kiasi kile.

"Tutaanza kukata hapa," mtu wa samaki akasema, akagonga ukuta kwa kifundo cha kidole, juu ya kitanda.

Mkaguzi akatazama alipogonga. Rangi ya ukuta ilikuwa imefifia hapo na kuwa na doa la mafuta, duara la ukubwa wa sahani. Alijua kusoma kuta, huo ndio mkate wake, na hili hakuhitaji kulisoma mara mbili. Ni mahali pa kuegemeza kichwa. Mtu alikuwa ameketi hapo juu ya kitanda akaegemea, jioni baada ya jioni, wakati upande wa pili wa ukuta huo huo watu wanatazama taarifa ya habari. Miaka kumi na miwili, naye hakuwahi kujiuliza kwa nini mama hakai nao sebuleni. Mama alikuwa amekuja kwao akidhani ni kwake, na wao wakampa chumba wakadhani wamemaliza.

"Ukuta huu haukatwi," akasema.

Mtu wa samaki akashangaa. Paa, alisema, limelalia upande ule mwingine, ramani ya bosi mwenyewe inaonyesha.

"Haukatwi. Nimeukagua."

Kwa mara ya kwanza katika miaka kumi na minane, Bwana Ufa aliukataa ukuta mzima usio na kosa. Mtu wa samaki alimtazama, akatazama kitanda, akatazama tepu sakafuni, na kwa kuwa hakuwa mjinga, akaaga bila kudai nauli.

*

Kesho yake mkaguzi akaenda. Ilikuwa nyumba ya wapangaji yenye vyumba sita vinavyotazama ua mmoja, na mama alikuwa mlango wa tatu. Ua ulikuwa na jirani mmoja akiosha vyombo. Mkaguzi akamsalimia, akasukuma mlango wa tatu akaingia, kama alivyousukuma mlango wa mama miaka yote kumi na miwili.

Mama alikuwa anakunja nguo. "Toka," akasema. "Gonga."

Akatoka. Mkaguzi mwandamizi wa majengo, umri miaka hamsini na mmoja, akasimama uani na mfuko wa machungwa, akagonga. Jirani aliacha kuosha ili asikose kitu.

"Nani?"

"Mimi."

"Mimi nani?"

"Mwanao, mama."

Nguo zilikuwa zinamaliziwa kukunjwa, hilo alilisikia. "Karibu," mama akasema hatimaye, na mkaguzi akaingia akapewa kiti kimoja kilichokuwepo, mama akaketi kitandani.

Alikuwa amejiandaa vyema. Alimwambia mama kwamba tangi limefutwa, arudi nyumbani. Akaendelea, kwa kuwa hajui njia nyingine ya kuongea, kumwonyesha makosa ya chumba. Dirisha ni dogo kuliko inavyotakiwa. Ukuta wa nyuma una unyevu. Ngazi ya mlangoni ni ndefu kupita kipimo kwa mtu wa umri wake, na ule waya wa taa hakuufunga fundi, aliufunga mtu mwenye haraka. Akayataja yote manane. Mama alikuwa anamenya chungwa.

"Umemaliza?"

"Nimemaliza."

"Kwa hiyo nirudi kwa sababu ya waya."

Mkaguzi akauangalia ule waya. Akaangalia mikono yake. Halafu akasema, na sauti haikuwa ile ya ofisini, kwamba nyumbani kumekuwa kimya, kwamba jana alipita mlangoni kwake akataka kumwita aje kwenye chai na akakumbuka kwamba hata akiwepo hakuwa akimwita. Alisema anaona haya. Alisema, "Nakuhitaji, mama," na machozi yakamtoka mbele ya mwanamke aliyemfundisha kuyafuta.

Mama akampa nusu ya chungwa.

"Hilo ungeanza nalo," akasema. "Kula. Ila nimelipa mwezi mzima, siwezi kumwachia mwenye nyumba pesa zangu. Nitakaa mpaka ziishe."

Zilikuwa zimebaki siku ishirini na sita, na mkaguzi akazihesabu kama mfungwa. Kila siku akitoka kazini alipitia pale. Aligonga. Akiambiwa subiri, alisubiri, akipiga soga na jirani, ambaye sasa alimjua kwa jina la "mwana wa mlango wa tatu." Aliufunga waya wa taa sawasawa. Dada naye akaja, kaka na dada wakakaa sakafuni wakilishwa karanga kama zamani, na dada akamwomba mama msamaha akilia, mama akamwambia ameshasahau, jambo ambalo hakuna aliyeliamini lakini wote walilishukuru. Nyumbani, mkewe na mkaguzi walibandua tepu wakiwa wamepiga magoti, wakapaka chumba rangi mpya, wakanunua kiti cha kuegemea wakakiweka sebuleni mahali pazuri kuliko pote, kikitazama ukuta. Mkaguzi alijisikia mtu mpya. Hata ofisini alianza kuwaambia watu "labda."

Siku ya mwisho ya mwezi aliazima gari la mizigo la idara pamoja na dereva wake, akaja na mkewe, wote wamevaa vizuri. Akagonga. Akakaribishwa mara moja.

Sanduku la bati lilikuwa pale pale chini ya kitanda, na juu yake palikuwa na kitambaa kipya na glasi mbili. Mama alikuwa ametulia. Akawaambia waketi, na kwa kuwa sasa kulikuwa na viti viwili, wakaketi.

"Nimelipa mwezi mwingine," akasema.

Mke wa mkaguzi akatazama chini. Mkaguzi akauliza kama bado amekasirika.

"Nilikasirika, ikapita. Ungekuwa umenikosea tu ningesharudi." Mama akamshika mkono, akamtazama machoni, bila ukali. "Chumba umekipaka rangi, najua, mkwe wangu ameniambia, na nimefurahi. Ila mwanangu, nikirudi, kila nikikuona umesimama mlangoni kwangu umenyamaza, nitajiuliza unapima nini. Hapa nikiamka asubuhi sijiulizi kitu."

Mkaguzi alikuwa na majibu, mtu kama yeye hakosi majibu. Yalijipanga kichwani yote kwa utaratibu, na kwa mara ya kwanza akayaona yalivyo, akayaacha. Walikunywa chai. Mama alimuuliza mkwewe habari za wodini, wakacheka kidogo. Nje dereva wa idara alipiga honi mara mbili, akachoka, akazima injini.

Walipoinuka kuondoka, mkaguzi akasimama mlangoni, viatu mkononi.

"Kesho nije, mama?"

"Kesho nina wageni," mama akasema. "Njoo keshokutwa."

Mkaguzi akasema sawa, keshokutwa. Akauliza saa ngapi.